Daktari wa familia afundwe kule atakakotibu

Bajeti za kaunti zinapojadiliwa, habari za afya huwa ni majengo na mashine. Gavana hukata utepe kwenye wodi mpya, hupigwa picha kando ya gari la wagonjwa lenye nembo ya kaunti, na redio za mashinani hutangaza siku nzima. Sijamsikia bado gavana aliyewaita wanahabari kuwaambia kwamba ameajiri madaktari wanne wa familia, akataja na hospitali ambamo kila mmoja wao atakaa. Tangazo la namna hiyo lingeokoa watu wengi kuliko utepe wowote, na makala haya yanaeleza kwa nini naamini hivyo.

Kwa masikio ya wengi, daktari wa familia ni daktari wa wenye nazo, yule anayepigiwa simu usiku kutoka nyumba ya Karen au Nyali. Sivyo. Ni bingwa kama alivyo bingwa wa upasuaji au wa moyo. Amemaliza shahada ya kwanza ya udaktari, akafanya uanagenzi, akatumikia umma, kisha akarudi darasani kwa miaka mingine kusomea ubingwa. Asubuhi anaweza kumpasua mama ambaye uchungu umemshinda, adhuhuri akampima mtoto mwenye utapiamlo, jioni akaketi na mzee ambaye saratani imemfikisha mwisho na kuwaonyesha wanawe namna ya kumpunguzia maumivu akiwa nyumbani. Mabingwa wengine wamegawana mwili: huyu moyo, yule figo, mwingine macho. Yeye amepewa mtu kamili, pamoja na nyumba anayotoka.

Mwaka 1971, Julian Tudor Hart, daktari aliyewahudumia wachimba makaa ya mawe katika kijiji cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet makala iliyowachoma wengi. Alisema kwamba tiba nzuri huelekea kuadimika palepale inapohitajika zaidi, na kwamba hali hiyo huwa mbaya zaidi tiba inapoachiwa soko. Yeye mwenyewe alikaa kijijini mle zaidi ya miaka 20 na kuwapima wanakijiji shinikizo la damu, hata wale waliokuja kwake kwa sababu ya kikohozi tu. Ukitazama Kenya ya leo, utadhani alikuwa anatuandikia sisi. Mabingwa wetu wamejazana Nairobi, Mombasa, Eldoret na Kisumu. Mama wa Tana River au Turkana anayehitaji bingwa huuza mbuzi, hupanda gari, hulala njiani, na pengine hufika akiwa amechelewa.

Wales, hata hivyo, si mahali ambapo jibu la tatizo hili lilianzia. Lilianzia Afrika, na inaniuma kwamba ni vijana wachache wanaosomea udaktari hapa kwetu wanaoijua historia hiyo. Mwaka 1940, Sidney Kark na mkewe Emily, wote madaktari, walifungua kituo cha afya Pholela, katika jimbo la Natal nchini Afrika Kusini, katikati ya Wazulu maskini. Hawakukaa ofisini kungoja foleni. Walianza kupita nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani anaishi hapa, mnakula nini, maji mnateka wapi, nani alifariki mwaka jana. Waliofanya kazi hiyo pamoja nao walikuwa wahudumu waliokijua Kizulu na mila za watu. Punde wakagundua kwamba sehemu kubwa ya waliyokuwa wakiyaita maradhi ilikuwa njaa. Wakahimiza bustani za mboga, wakatafuta mbegu, wakaendelea kuhesabu watoto waliozaliwa na waliokufa ili wajue kama kazi yao inafaa kitu. Serikali ya ubaguzi wa rangi, iliyoingia madarakani mwaka 1948, haikupendezwa na kazi hiyo, na katika miaka ya 1950 akina Kark wakaihama nchi.

Kabla hawajasahauliwa, mwaka 1957, alifika Pholela kijana wa Kimarekani aliyekuwa bado anasomea udaktari, jina lake Jack Geiger. Alichokiona hakikumtoka. Mwaka 1965 yeye na daktari mwenzake, Count Gibson, walipata fedha za serikali ya Marekani, wakaanzisha vituo viwili vya afya, kimoja Boston na kingine Mound Bayou, Mississippi, mji ulioanzishwa mwaka 1887 na watu weusi waliotoka utumwani. Watoto waliletwa kituoni Mound Bayou wakiwa wamedhoofu kwa kukosa chakula. Madaktari wakaandika maziwa, nyama na mboga kwenye karatasi za dawa, maduka yakatoa chakula, na gharama ikalipwa kutoka fungu la dawa la kituo. Wakubwa wa serikali walipohoji matumizi hayo, Geiger aliwajibu kwamba fungu hilo ni la kutibu maradhi, na dawa ya utapiamlo ni chakula. Baadaye wakulima wa eneo hilo wakaanzisha shamba la ushirika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jambo kama hilo likatokea hapa Kenya. Mpango wa AMPATH, unaokiunganisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa ya Eldoret na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini, Indiana kikitangulia, ulianza mwaka 2001 kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi, na Mosoriot katika Nandi ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza. Dawa za kupunguza makali zilikuwapo, lakini wagonjwa walizimeza tumbo likiwa tupu. Mpango ukalima mashamba, chakula kikatolewa pamoja na dawa. Natal, Mississippi, Nandi: mahali patatu palipo mbali mno, na wazo ni lilelile. Wazo hilo hufika tu pale daktari anapoingia katika nyumba ya mgonjwa na kuona sufuria ikiwa juu ya mafiga na ndani hamna kitu.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba mahali pa mafunzo si jambo dogo la kupanga ratiba. Mahali ndipo panapomfanya daktari awe wa aina hii au ile.

Wamarekani walilielewa hilo mapema. Mwaka 1970 hospitali ya Montefiore, iliyoko Bronx jijini New York, ilianzisha mafunzo ya ubingwa yaliyolenga tiba ya jamii, ambamo madaktari hujifunza kwa kuwahudumia wakazi wa mitaa maskini ya Bronx katika zahanati za mitaa hiyo. Mpango huo ungali hai. Sheria ya afya ya mwaka 2010, ile iliyopewa jina la Obama, ikatenga fedha za kuwafunza madaktari ndani ya vituo vya jamii badala ya kuzimiminia hospitali kubwa fedha zote. Hesabu iliyoko nyuma ya uamuzi huo ni nyepesi: zaidi ya nusu ya madaktari wa familia wa Marekani huishia kufanya kazi ndani ya maili 100 kutoka mahali walipofundwa. Daktari huoa au huolewa huko, hujua njia, hujua nani wa kumpigia simu akikwama, huzoea watu nao wakamzoea. Ukimfunza mjini, usishangae akibaki mjini.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Uganda ilianza kufunza madaktari wa aina hii mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Aga Khan kikaanza Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Moi kikafungua shahada ya uzamili ya tiba ya familia, ya kwanza nchini Kenya, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2008. Walioipanga walifanya uamuzi wa busara: hawakuwafungia madaktari wale katika hospitali kubwa ya Eldoret. Waliwapeleka Webuye, mji wa Bungoma ulioko kando ya barabara kuu ya Malaba, ambao watu wengi waliujua kwa kiwanda cha karatasi tu. Wengine walijifunza katika hospitali za misheni kama Chogoria na Kijabe.

Nimewahi kumfuata daktari mmoja wa kundi hilo katika ziara ya nyumbani, huko mashambani nje ya mji wa Webuye. Alikuwa na wasiwasi kuhusu mama mmoja mwenye kisukari. Kila mama yule alipokuja kliniki, sukari ilikuwa juu, na kila ilipokuwa juu, aliongezewa insulini. Kadi yake ilikuwa imejaa tarakimu zilizokatwa na kuandikwa upya. Wenzake wawili waliomwona kabla yake walikuwa wameandika kwamba mgonjwa hafuati maagizo.

Tuliongozwa na mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke wa kijiji hicho hicho, aliyesalimia kila boma kwa "mulembe" na kuitikiwa kwa jina lake. Tulipokaribishwa ndani, daktari hakutoa kipimo. Aliuliza habari za shamba, akauliza habari za wajukuu, kisha akasema, "Mama, ile sindano yako huiweka wapi?" Mama akanyanyuka, akanyoosha mkono hadi juu kabisa ya kabati, chini ya mabati. "Hapa, mwanangu, watoto wasiifikie." Ilikuwa saa nane mchana. Daktari aliishika ile chupa, akaifumba kiganjani, akanyamaza. Ilikuwa ya moto. Insulini ikikaa kwenye joto kwa siku nyingi huharibika, na mama yule alikuwa amejidunga kwa uaminifu, asubuhi na jioni, kitu ambacho hakikuwa dawa tena.

Dawa ya tatizo lile ilitoka kwa mhudumu wa afya. Chungu kidogo cha udongo, mchanga uliolowekwa maji, chupa ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe, na chungu kukaa pembeni pa nyumba pasipo jua. Alikuwa amekwisha kuwafanyia hivyo wagonjwa wengine wawili. Daktari aliandika katika daftari lake, akampa mama chupa mpya, na kipimo akakirudisha chini, kwa sababu kile kikubwa kikitumika na dawa nzima kingeweza kumwangusha. Nikajiuliza ni wangapi katika hospitali zetu za rufaa ambao kadi zao zimeandikwa kwamba hawafuati maagizo, na nyumba zao hazijawahi kuonwa na mtu.

Somo lile halipo wodini. Profesa hodari kuliko wote hawezi kulitoa kwa slaidi. Linahitaji mguu, muda, na mtu wa kijiji anayekubali kumfundisha daktari.

Na vijiji vyetu havifanani. Daktari aliyelelewa Nyeri akipelekwa Kwale atakutana na Wadigo na Waduruma, na baadhi ya akina mama huko hawatakubali kupasuliwa kabla mume au mama mkwe hajaitwa. Akienda Isiolo atawahudumia Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru katika foleni moja. Kiswahili humfikisha mbali, tena mbali sana, lakini ajuza anayeeleza uchungu wa ndani huueleza kwa lugha aliyonyonya nayo. Huko Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, kwa msingi wa sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, kumtafutia mkalimani mgonjwa asiyejua Kiingereza. Ndiyo maana Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, waliohamishiwa huko kwa maelfu kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania, wana haki ya kuzungumza na daktari kwa Kiswahili chao. Kwetu, mkalimani ni mfagiaji aliyepita karibu, au mtoto wa mgonjwa. Fikiria binti wa miaka kumi na miwili anayetakiwa kumtafsiria mama yake maswali kuhusu damu ya hedhi na maambukizi ya zinaa. Daktari anayesomea ubingwa wa familia anapaswa kufunzwa namna ya kufanya kazi na mkalimani, apewe miezi ya kujifunza salamu na maneno ya maradhi ya mahali alipo, na apimwe katika hayo kwenye mtihani kama anavyopimwa kusoma picha ya kifua.

Hapa kuna jambo la Kuba, na sitalipita kimya. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwaleta madaktari 100 kutoka Kuba, wakiwemo wa familia, wakagawanywa katika kaunti. Mwaka huo huo madaktari wetu 50 walipelekwa Kuba kusomea tiba ya familia kwa miaka miwili. Wakuba walifanya kazi, na wapo waliopona kwa mikono yao. Wawili walitekwa nyara Mandera mwezi Aprili 2019, na hilo ni deni letu kwao. Mkataba ukavunjwa Oktoba 2023. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, ila mgeni huyu alihitaji mkalimani katika kila chumba, na mwenyeji tuliyemtuma akasome alijifunza kutibu familia za Santa Clara, kwa Kihispania, chini ya mfumo ambamo daktari na muuguzi huishi mtaani pamoja na wagonjwa wao na dola hugharimia kila kitu. Mfumo ule nauheshimu. Lakini Webuye ilikuwapo. Walimu walikuwapo, wametoa wahitimu kwa miaka kumi. Fedha zile zingejenga nyumba za madaktari wanafunzi na kulipa walimu katika hospitali tano au sita za kaunti ndogo, na tungebaki na shule, si vyeti tu.

Oktoba 2023 ilituletea pia Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi. Inatambua wahudumu wa afya ya jamii, ambao sasa ni zaidi ya 100,000 nchini, na inaunda mitandao ya huduma ya msingi: hospitali moja ya kaunti ndogo ikizungukwa na vituo vya afya na zahanati zake, na kundi la wataalamu linalotoka hospitalini kwenda kule chini. Katika mpango huo, anayetarajiwa kuliongoza kundi hilo ni daktari wa familia. Ni mpango mzuri. Shida ni kwamba madaktari wenyewe ni wachache mno kwa kaunti 47, na hao wachache, wakihitimu, kaunti nyingi hazijui ziwaweke wapi. Wengine hupewa ofisi na kugeuzwa wasimamizi wa hospitali. Wengine hurudishwa chumba cha dharura kufanya kazi ileile waliyoifanya kabla ya kwenda kusoma. Mashirika yenye mishahara mizuri huwachukua waliobaki, na siwalaumu.

Tena anayesoma husoma kwa tabu. Daktari anayesomea ubingwa huhudumia wagonjwa mchana na usiku, na wako wasiolipwa hata shilingi kwa kazi hiyo, huku wakilipa karo kutoka mfukoni. Kaunti yake ikikataa kumpa ruhusa ya masomo yenye mshahara, ana njia mbili: aache masomo au aache kazi. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliochukua siku 56, ulikuwa na mambo mengi ndani yake, na mojawapo lilikuwa hili la malipo ya wanaojifunza. Huwezi kumwomba mtu akawatumikie maskini huku wewe mwenyewe unamfukarisha.

Wapo watakaoniuliza kwa nini tusiwekeze katika madaktari wa saratani na wa figo, ambao nao hawatoshi. Tunawahitaji, sana. Ila wagonjwa wengi wa figo wanaosafishwa damu leo walianza na presha na kisukari ambavyo vingeweza kudhibitiwa miaka kumi kabla, katika hospitali iliyo karibu na nyumbani, na mtu anayewajua kwa jina. Wengine husema tuna matabibu na wauguzi wa kutosha kufanya kazi hiyo. Ni kweli kwamba wao ndio wanaoibeba nchi hii mgongoni, na nitakuwa wa mwisho kuwadharau. Lakini muulize tabibu aliye peke yake katika kituo cha afya saa saba usiku, na mtoto anayetetemeka kwa degedege lisilokoma, kama hangependa kuwa na namba ya simu ya daktari anayekijua kituo chake, anayejua dawa gani zimo kabatini, na ambaye Alhamisi atakuja kukaa naye wapitie wagonjwa wagumu. Daktari wa familia aliyefundwa vizuri nusu ya kazi yake ni kufundisha.

Kinachohitajika si cha ajabu. Kila chuo kinachotoa ubingwa huu kiweke sehemu kubwa ya miaka ya masomo katika hospitali za kaunti ndogo na zahanati zake, na mwalimu awepo huko, asiwe wa kutembelea mara moja kwa muhula. Ziara za nyumbani ziwe somo lenye alama. Wahudumu wa afya ya jamii walipwe wanapowafunza madaktari, maana wanawafunza. Serikali kuu igharimie karo na posho ya anayekubali kurudi kaunti yenye uhaba, na kaunti nayo iandike nafasi yake ya kazi kabla hajamaliza, yenye cheo cha bingwa na mshahara wa bingwa.

Hilo la mwisho liko karibu nawe kuliko unavyodhani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla ya hapo kaunti yako inalazimika kuwaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache, na wengi wao huzungumzia barabara. Nenda. Omba nafasi ya kusema, kisha umuulize waziri wa afya wa kaunti maswali mawili mbele ya watu: hospitali yetu ya kaunti ndogo ina madaktari wa familia wangapi, na bajeti hii imetenga nafasi ngapi za kuwaajiri? Akijibu kwamba hakuna, omba jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na umtake mwakilishi wadi wako aseme atafanya nini.